Sarufi ya Kiukutani

3 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Nianze kwa kukujulia hali, wewe na binti yako, pamoja na ule mlango wa jikoni ambao mara ya mwisho nilipofika kwenu ulikuwa haufungi. Mimi ni mzima. Masikio tu ndiyo yamezidi kwenda likizo. Kifaa alichonipa daktari kinanisaidia nikiwa uso kwa uso na mtu, ila kwenye simu kinapiga mbinja kama birika, kwa hiyo usijisumbue kunipigia. Najua nawe simu huitaki tangu ulipostaafu uopereta. Basi tuandikiane, kama watu wa zamani tulivyo.

Nina habari. Mhariri mmoja wa kampuni ndogo ya vitabu, kijana mwenye adabu zake, alikuja kunihoji juu ya ufundishaji wa sarufi. Mazungumzo yakaenda yakarudi, nikajikuta namweleza habari za Kiukutani. Nilidhani atacheka. Akatoa kalamu. Sasa anataka kitabu kizima: lugha iliyobuniwa na watoto wawili, sarufi yake yote, na msamiati mwishoni. Muswada anautaka mwisho wa Mei.

Najua hujasahau, lakini mwalimu hawezi kuanza somo bila marudio, kwa hiyo nivumilie. Baba alifanya kazi usiku kiwandani, mchana alilala, na nyumba nzima ilipaswa kunyamaza. Tukitoka shule tulitenganishwa ili tusipige kelele: mimi chumba chenye meza, wewe chumba cha cherehani ya Mama, katikati yetu ukuta wa mbao nyembamba. Hapo ndipo lugha ilipozaliwa, na kila kanuni yake ina sababu. Katika Kiswahili mtenda hutangulia: mimi nataka maji. Katika Kiukutani kinachotakiwa ndicho hutangulia, kisha wakati, na mtenda hufika mwisho, akiwahi kufika. *Lufe ose nu*: maji, sasa, mimi. Hatukuwa na uhakika wa kumaliza sentensi, ndiyo sababu. Kandambili za Baba zikisikika ukumbini, unakata hapo hapo, na neno lililokwisha kutoka ni lazima liwe ndilo lenye maana. Nimesoma sarufi nyingi maishani. Sijaona mpangilio wa maneno wenye sababu nzuri kuliko huo.

Taabu ni mbili. Kwanza, mhariri anaona msomaji atachoshwa na sentensi zilizopinduka, anashauri mtenda awekwe mbele kama katika lugha za watu wengine. Pili, lugha yetu haina wakati uliopita. Nimepekua kichwa changu chote, na sikuti mahali tuliposema habari ya jana. Sarufi isiyo na wakati uliopita wataalamu wataicheka, kwa hiyo nimeanza kubuni viambishi. Lakini nusu ya lugha ni yako, siwezi kuigusa bila kukuuliza. Niandikie unavyoona, pamoja na kila sentensi unayoikumbuka.

Kaka yako,
Nukta


12 Machi

Kaka,

Njoo. Kabla ya mwisho wa Aprili, kwangu, wewe.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiruka marudio. Mlango wa jikoni bado haufungi. Tunauegemezea kiti, na kiti kimekuwa sehemu ya mlango.

Jina la Nukta sikukosea kukupa. Hata chafya ulikuwa ukiimalizia kwa kituo, kisha unatazama kama kuna aliyekosea.

Mtenda abaki nyuma. Mwambie mhariri wako kwamba mpangilio ule haukutoka kichwani mwako wala mwangu, uliletwa na kandambili za Baba. Chwapu, chwapu, chwapu. Hata yeye kwa lugha yetu jina lake lilikuwa Chwapu, au hilo umeliondoa kwa heshima? Ukimtanguliza mtenda utakuwa umeandika lugha ya watoto waliokuwa na nafasi. Sisi hatukuwa watoto hao.

Nimekaa kwenye swichibodi maisha yangu yote ya kazi, sauti za watu zikipita sikioni mwangu kama maji kwenye bomba. Nilijifunza kwamba mwenye shida ya kweli huitaja mwanzo. Anayeanza na salamu ndefu anakuja kuazima kitu.

Na gonga iko wapi? Barua nzima hukuitaja. Wewe ukimaliza kusema, mimi nagonga ubao kwa kidole, mara moja: nimekusikia. Nisipogonga, unaanza upya. Au hiyo si sarufi? Ulipougua surua sauti ikakukauka, niliongea peke yangu mchana kutwa nawe ukawa unagonga tu. Hayo ndiyo mazungumzo bora tuliyowahi kuwa nayo, kwa sababu hukupata njia ya kunisahihisha.

Sentensi ninazokumbuka haziandikiki. Kiukutani hakijawahi kuandikwa, ndiyo maana hata mimi hapa nakuandikia Kiswahili. Ninazo mdomoni. Ukija nitakusemea zote, nawe uziandike utakavyo. Kuna kimafua kimenikaa kooni, nakwaruza kama redio mbovu, lakini bado nasikika.

Chiriku


20 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Nimefurahi kupata barua yako na kujua kwamba ulimi wako haujastaafu. Nakushukuru pia kwa ukaribisho wako mwema, ambao nitaurudia hapo chini. Pole kwa mafua. Tangawizi na asali, asubuhi kabla ya chochote, na usizungumze sana. Najua hilo la pili kwako ni adhabu.

Sasa tuingie kazini. Juu ya mpangilio wa maneno nimepata njia ya kati. Ndani ya kitabu mtenda atakuwa mbele, na mpangilio wetu wa asili utaelezwa chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo. Mhariri ameridhika. Usinune. Msomaji hakulala nyumba moja na Baba, kwake kupindua sentensi ni usumbufu tu.

Juu ya gonga nimefikiri sana. Shida yake ni kwamba si neno. Haitoki mdomoni, haina herufi, siwezi kuipangia mahali popote katika msamiati. Je, nitaiweka kabla ya A au baada ya Z? Nimeitaja kidogo katika utangulizi, kama mchezo wa watoto.

Ninachojivunia ni wakati uliopita. Nimechagua kiambishi *-de*, kinachokaa mwisho wa kitenzi. *Tili* ni njoo, na *tilide* itakuwa ni kuja kulikokwisha pita. Ni kiambishi chepesi, hakigongani na sauti nyingine, na kinaingia kwenye vitenzi vyote bila kuvivuruga. Nilikijaribu nikinyoa ndevu na kwa kweli kinatamkika. Mtu akikisoma atadhani tulikuwa nacho tangu zamani.

Kuhusu kuja: safari ni ya kutwa nzima basini, na nikiondoka sasa nitapoteza uzi wa sura ya nne, ambayo ndiyo inayobeba nyingine zote. Muswada ukitoka mikononi mwangu nitakuja, tukae wiki mbili, uchoke mwenyewe. Kwa sasa niandikie tu hizo sentensi. Kama kalamu inakuchosha, wewe sema, binti yako aandike.

Kaka yako,
Nukta


2 Aprili

Kaka,

Njoo. Kabla ya tarehe ishirini na tano.

Binti yangu hawezi kuandika Kiukutani. Nilimjaribu. Nilisema sentensi moja, akaniuliza kama nimebanwa na pumzi.

*Tilide* nimelisema jikoni kwa sauti. Linafanana na jina la sabuni. Hatukuwa na jana, Kaka, kwa sababu jana tulikuwa pamoja. Ya nini kumsimulia mtu wa upande wa pili wa ubao kitu ambacho naye alikuwepo? Tulichokuwa hatukijui ni kile ambacho mwenzio anakitaka sasa hivi. Ndicho tulichokitengenezea lugha.

Kitabu andika upendavyo. Gonga iweke kabla ya A, au baada ya Z, au itupe, sigombani. Mimi sitaki kitabu. Nataka tukae chumba kimoja, au vyumba viwili ukipenda, mimi niseme na wewe useme, kwa mdomo, mchana mmoja tu. Baada ya hapo nenda ukachapishe.

Nimeuliza stendi. Basi la asubuhi linafika huku alasiri. Kitanda cha chumba cha pili nimekitandika, na dirisha lake limeoshwa, ujue jinsi nilivyo na nia, maana madirisha siyaoshi.

Usiniulize kwa nini tarehe hiyo. Nina mambo yangu.

Chiriku


11 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako kwa makini, na nadhani nimeelewa kinachokusumbua ingawa hukukitaja. Kaka hujua. Umeona nazungumza habari ya "kitabu changu" na "mhariri wangu", ukajiona umewekwa pembeni ya kitu ambacho ulikijenga nami. Una haki kabisa. Ningekuwa mimi, ningekasirika kuliko wewe.

Basi sikia. Nimekwenda kwa mhariri mwenyewe, nikamwambia sichapishi kitu mpaka jambo hili litengenezwe. Jina lako litatangulia langu kwenye jalada. Litatangulia, nasema, mtenda wa kwanza ni wewe. Na ukurasa wa mwanzo, ule wa kutabaruku, utakuwa wako peke yako. Nilitaka iwe habari ya kukushtua, lakini naona ni afadhali ujue sasa, moyo utulie.

Tarehe ishirini na tano haiwezekani. Ndiyo wiki ambayo mchoraji wa jalada anataka kuniona, na sura ya mwisho bado inanikaidi. Nitakuja Juni, bila kukosa. Kitanda kisitanduliwe.

Nimebakiwa na swali dogo, nalo nahitaji jibu upesi kwa ajili ya msamiati. Neno letu la "naogopa" lilikuwa lipi? Nina hakika tulikuwa nalo, maana tulilihitaji kila siku. Nimelitafuta nyumba nzima, nikitembea na kujisemea kama kichaa, halipo. Wewe kumbukumbu yako ni nzuri kuliko yangu.

Kaka yako,
Nukta


29 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Nakuandikia bila ruhusa ya Mama.

Alifanyiwa upasuaji tarehe ishirini na tano. Yale hayakuwa mafua. Daktari aligundua uvimbe kooni tangu Februari, na njia iliyobaki ilikuwa kuondoa kisanduku chote cha sauti. Wanasema uvimbe umetoka wote na kwamba ataishi. Anapumua kwa tundu walilomwachia shingoni, na kwa sasa analishwa kwa mpira. Kuongea hataongea tena. Tumemnunulia kibao cheupe na kalamu yake, na neno la kwanza aliloandika lilikuwa "chai", wakati chai yenyewe haruhusiwi.

Nilitaka kukujulisha tangu mwanzo, akanikatalia. "Akijua atakuja kumwona mgonjwa," alisema. "Mimi nataka aje kwa dada yake." Nikamwambia, "Wewe na Mjomba mnaringiana kwa barua, mtu mzima na mtu mzima." Akacheka, na kicheko kilipotoka kilikuwa hewa tu. Barua yako ya jalada aliisoma amekaa kwenye kile kiti cha mlango wa jikoni. Alipoimaliza akasema, "Maskini, amefikiria kweli kweli."

Kuna jambo jingine, sijui kama nafanya vizuri kukueleza. Siku ya mwisho kabla ya kwenda hospitali nilirudi kutoka kazini kwenye tanuri la mikate, nikamkuta amejifungia chumba cha pili, kile alichokutandikia. Alikuwa anaongea. Lugha siijui, lakini haikuwa kelele ya mgonjwa, ilikuwa maneno yaliyonyooka. Anasema, ananyamaza, anangoja. Kisha anarudia yale yale tangu mwanzo. Halafu ananyamaza tena, anangoja. Nilidhani anasali. Nilisimama mlangoni na unga mikononi, simu nimeitia mfukoni, na haikunijia hata mara moja kwamba ningeweza kumrekodi. Kwa hilo sitajisamehe.

Swali lako nilimkumbusha. Aliandika hivi kwenye kibao: "Neno la kuogopa halikuwepo. Tulisema *maka*: upo hapo?"

Mpwa wako


5 Mei

Mpwa wangu,

Jumamosi nitakuwa kwenu. Usimwandalie chochote kwa ajili yangu.

Sina la kueleza, na wewe unanijua, si kawaida yangu. Nakuomba tu usijilaumu kwa ile simu mfukoni. Wewe hukuijua lugha. Mimi ningeijua.

Mjomba wako


24 Mei

Mdogo wangu mpendwa,

Nimefika salama na nimekuta barua ya mhariri mlangoni, nitaifikia hapo chini.

Nataka kwanza nikueleze jambo ambalo nilishindwa nikiwa nimekaa karibu na kitanda chako. Niliongea sana siku zile, uliona. Niliongea habari za basi, za bei ya vifaa vya masikio, na za komeo la mlango wa jikoni, ambalo nililitengeneza asubuhi ya pili kwa sababu nilihitaji kitu cha kushika mkononi. Nawe ukaandika kwenye kibao "Umenenepa", nikacheka kupita kiasi. Kila nilipotaka kusema lile la maana nilitazama ile bendeji shingoni mwako, nikaona haya kuwa na sauti.

Ndiyo maana alasiri ile ulipolala nikahamia chumba cha pili.

Binti yako aliniandikia kwamba siku ile ulikuwa ukisema, unangoja, kisha unarudia. Yeye hakuweza kujua maana yake. Katika dunia nzima kuna mtu mmoja tu wa kujua kwa nini mtu anasema kwa Kiukutani, ananyamaza, halafu anaanza upya. Hakuna aliyegonga. Nimekuwa nikiisikia nyumba ile tupu tangu nilipoisoma barua yake, mimi nisiyesikia hata mlango ukibishwa.

Nilisimama kwenye ukuta unaotenganisha chumba hicho na chako. Nilitaka kusema kwamba nilichelewa, na kwamba ulikuwa umeniambia njoo juu kabisa ya kila barua, mahali pale pale ambapo mimi mwenyewe nilifundisha kwamba neno la maana hukaa, nami nikalipita kama mtu anavyopita salamu. Nilikuwa na kiambishi changu kwa kazi hiyo. Sura nzima nimekiandikia. Nilikifungulia mdomo, hakikutoka. Hakikuwa na mtu ndani yake. Basi nikasema kwa maneno tuliyokuwa nayo, ambayo yote ni ya sasa, na nilipomaliza nikanyamaza.

Masikio yangu siyaamini, kwa hiyo niliweka kiganja ukutani. Ukagonga. Mara moja. Niliipata kiganjani kama mtu anavyopewa kitu.

Nimerudi nyumbani mwepesi. Leo nimemwandikia mhariri. Wakati uliopita nimeufuta wote, kuanzia sura hadi jedwali. Mtenda nimemrudisha mwisho. Gonga nimeipa sura yake, ya kwanza, kabla ya A. Kama hataki, kitabu kibaki kwangu. Umenisikia, na mimi hilo limenitosha.

Kaka yako,
Nukta


1 Juni

Kaka,

Njoo. Tena, mapema, wewe.

Nimeikunja barua yako nikaikunjua siku kadhaa. Binti yangu anasema nitaichakaza. Nilikuwa napima kama nikuache ulivyo, mwepesi, ulale vizuri. Ningeweza. Lakini umesema gonga itakaa sura ya kwanza, na sitaki ikae hapo ikiwa na uongo wangu ndani.

Nyumba ya Baba ilikuwa ya mbao. Hii yangu ni ya matofali, Kaka, na juu ya matofali plasta. Nilikuwa macho. Nilisikia mvumo tu, kama redio ya jirani, nikajua ni wewe na nikajua ni lugha gani, kwa jinsi ilivyopanda mwanzo na kushuka mwisho. Neno sikupata hata moja. Kisha ukanyamaza. Wewe ukinyamaza ukutani mimi hugonga, mkono ulifanya kabla yangu. Ni sasa tu, kwenye barua yako, ndipo nimeambiwa ulikuwa unazungumzia nini, na hata hapo umenieleza kwa Kiswahili.

Kwa hiyo hesabu kwamba sikugonga. Kanuni unaijua kuliko mimi, unaanza upya.

Safari hii usiende chumba cha pili. Keti kwenye kiti cha jikoni, hakina kazi tena tangu ulipotengeneza komeo, kinasimama pale kama mstaafu. Niangalie shingo utakavyo, imeanza kukauka, nimeizoea na wewe utaizoea. Nitaweka mkono mezani. Useme polepole, na usinieleze sarufi.

Yangu mimi hutayasikia tena. Yale niliyokuwa nayo mdomoni nilimsemea ukuta, na ukuta haukuyatunza. Hilo tumelipoteza wawili, wewe kwa kuchelewa na mimi kwa kuficha, na sitaki tuanze kupimana nani zaidi. Nilidhani nikikuita bila kukutisha utakuja kwa raha. Nilikusubiri uelewe, badala ya kukuambia. Opereta mzima.

Lakini yako bado yapo. Nataka niyasikie kabla masikio yako hayajaanza kukudanganya hata juu ya sauti yako mwenyewe.

Chiriku


7 Juni

Jumamosi, basi la asubuhi, mimi.

Nukta